Barua kwa mwanangu: hiyo "kwa yote" yako

Wete, Pemba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana tumeupata. Mkataba umekwisha, mshahara wa mwezi wa mwisho hujalipwa, Jumamosi unavuka kwenda Dar kutafuta kazi, "namshukuru Mungu kwa yote." Umeyasema kwa pumzi moja. Mama yako amefurahi kwamba imani ipo. Mimi hiyo "kwa yote" ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana ni mara ya tatu wiki hii na hujasema hata siku moja kwamba inauma.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "Shukuruni kwa kila jambo." Hilo "kwa" la Kiswahili chetu linateleza. Mtu akilipitia mbio anadhani ameambiwa ashukuru kwa sababu ya kila jambo, na kudhulumiwa kumo. Kigiriki chake pale ni "en", yaani katika. Ukiwa ndani ya jambo baya hukosi la kushukuria, lakini baya linabaki baya. Mshahara usiolipwa ni dhuluma, mama. Usimshukuru Mungu kwa huo. Kabla hujapanda boti, toa nakala ya mkataba na karatasi za mishahara ya nyuma, andika barua ya madai yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuipokea, nenda ofisi ya kazi. Kushukuru hakumzuii mtu kudai chake.

Ukiwa mjini unangoja boti, ingia kanisa la Mkunazini, lile la Waanglikana pale Mji Mkongwe. Walianza kulijenga mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na madhabahu ipo pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Padri anayesimama pale hashukuru kwa fimbo. Anatwaa mkate, anashukuru, anaumega. Ekaristi yenyewe maana yake ni shukrani, na Bwana wetu aliitoa usiku aliosalitiwa. Usiku huohuo akaenda bustanini akaomba kikombe kile kimwepuke. Kinywa ni kimoja. Wewe unatumia nusu tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku weka simu mbali, soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina aya sita tu. Mbili za mwanzo zina "hata lini" nne. Kila moja itie jina lake. Hata lini nadaiwa kodi ya chumba. Hata lini nangoja simu isiyopigwa. Aya ya tatu na ya nne ni maombi: omba kitu kimoja unachokitaka kwelikweli, usitafute maneno ya kanisani. Shukrani inakuja ya tano na ya sita. Ukiirukia ya sita moja kwa moja, utaimba na koo litakuwa limekaza. Kuna usiku hutafika ya tano. Ishia ya nne, lala. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Ukifika kwenye kushukuru, andika mambo matatu, si kumi. Watu huharibu hapa: "uhai, afya, chakula" kila siku, siku ya nne mkono unaandika wenyewe. Andika chenye sura. "Jirani amenipa ndoo mbili za maji, pampu imeharibika." Kisha kesho yake mfuate umwambie ahsante. Wale kumi wenye ukoma walitakasika wote, aliyerudi ni mmoja, na alirudi kwa miguu yake. Na usijipime kwa shida za wenzio. "Afadhali mimi, fulani hana hata chumba" ni sala ya yule Farisayo wa Luka 18, aliyeshukuru kwamba yeye si kama watu wengine, imevaa kanga tu.

Kuficha maumivu ulikuwa hodari tangu skuli. Sikulaumu sana, hukuokota barabarani. Kwetu mtu akifiwa anaambiwa "shukuru" jeneza halijatoka mlangoni, na nyumba hii imo. Lakini nimesikia uliwaaga wenzako wa jikoni mmoja mmoja, kwa majina. Hilo limenifurahisha, ingawa nimelipata kwa mama yako.

Karafuu zina siku ya tatu jamvini, maana wingu halitaki kuondoka. Zikilala na unyevu zinapauka na daraja linashuka, kwa hiyo nimeandika hii huku nachungulia nje. Bati la jikoni bado linavuja palepale. Mfuko wa muhogo mkavu na chupa ya asali vinakuja na boti ya Ijumaa. Asali ishike mkononi, usiilaze.

Niambie kweli kama unalala. Ukifika Dar mpigie mama yako kwanza. Ukinipigia mimi nitasema "Mungu ni mwema" halafu nitakata simu.

Baba yako