Mhariri, kwato za mbuzi wa bandani mbona mnazisahau

Mhariri, salaam. Ukurasa wenu wa ufugaji nausoma kila unapotoka na mbuzi wa maziwa mnawaandika sana tu, mara Toggenburg mara Saanen, lita ngapi kwa siku, pumba kiasi gani, ila kwato sijaona mkizigusa hata siku moja na huku kwetu Marangu hapo ndipo watu wanapoumia.

Ishu iko hivi. Mbuzi wa Dodoma au wa Umasaini anashinda kwenye mawe na kokoto, kwato zinajisaga zenyewe, mwenye mbuzi wala hajui kama kuna kazi ya kukata. Huyu wetu yuko bandani mwaka mzima, majani analetewa, chini amekanyaga mbao au majani ya mgomba yaliyolowa mkojo, sasa kwato itasagikia wapi? Inakua tu, ule ukingo wa nje unarefuka unajikunja kwa chini, tope na kinyesi vinabanwa humo, hewa haipiti, na bakteria wanaoozesha kwato wanapenda hapohapo pasipo na hewa. Masika ikishika, Machi mpaka Mei, utakuta mbuzi anakula kapiga magoti ya mbele watu wanacheka eti ana uvivu, kumbe miguu inamuuma, na maziwa nayo yanashuka.

Kukata kwenyewe wala sio kazi ya kutisha. Mkasi wa kupogolea kahawa unatosha, uwe mkali na msafi basi. Mmoja anamshika, mwingine anakwangua uchafu halafu anakata ule ukingo mpaka ulingane na wayo, kidogokidogo, ukiona panaanza kuwa pinki acha, ukizidisha hapo ni damu. Kila baada ya wiki sita hadi nane unaangalia tena. Mwenye mimba kubwa usimbinue, msubiri azae. Halafu muwekee mawe makubwa au tofali za saruji humo bandani, mbuzi na kupanda vitu unamjua, atajisaga mwenyewe.

Kinachoniudhi mimi ni hii tabia ya kuchukua mbuzi ambaye kwato imeshaoza, inanuka, anachechemea, halafu mtu anakomaa na kisu mpaka damu eti anatoa uozo. Kukata ni kwa mguu mzima jamani! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick kule Uingereza walilipima hili kwa kondoo wenye kwato zilizooza, wakaona waliochomwa sindano ya antibayotiki na kupuliziwa dawa bila kukatwa walipona haraka kuliko waliokatwa. Kwa hiyo safisha, muite bwana mifugo achome sindano, maziwa ya siku hizo usinywe wala usiuze mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, na kwato iliyozidi utaikata akishapona.

Dawa ya kukanyagia wengi wetu tunatumia mrututu uleule wa kahawa, yaani kopa salfeti yenye shaba, sawa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwenye beseni la plastiki maana bati unalila. Ila wenye kondoo mkae macho, kondoo hawawezi shaba kabisa, akilamba hayo maji au akila majani yaliyomwagiwa anaweza kufa, kwake bora zinki salfeti gramu 100 kwa lita. Wakitoka hapo wasimame pakavu kwanza, ukiwarudisha kwenye tope umefanya kazi bure.

Na mbuzi wa mnadani usimchanganye na wenzake siku anayofika hata kama anatembea vizuri, mtenge wiki kadhaa umkague kwato zote nne. Akiwa anachechemea na mdomoni ana malengelenge, udenda unamtoka, hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, hapo weka mkasi chini upige simu kwa afisa mifugo na usimhamishe.

Ombi langu Mhariri ni dogo, safari ijayo mkiandika mbuzi wa maziwa tuwekeeni picha mbili kubwa, kwato iliyokatwa vizuri na iliyojikunja, tuibandike bandani, maana hao wanaotuuzia mbuzi wa kisasa hilo hawatuambii.

Mfugaji, Marangu, Kilimanjaro