Kar, si kaa

Nairobi,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia pamoja na zile korosho, na korosho hazikumaliza siku mbili. Umeniuliza nimepatwa na nini hata nianze kusoma Kipunjabi, lugha ya babu, na umri huu, mvi zimejaa na miwani ya kusomea inanishinda bei. Basi ngoja nikueleze.

Unakumbuka babu alivyokuwa akija kututoa dukani pale karibu na stesheni, sisi tumegandisha pua kwenye kioo cha peremende? Alikuwa akiniambia, "Chal, kar chaliye." Mimi nasikia "kaa". Basi nakaa. Nashusha matako vumbini pale pale, na yeye kasimama na baiskeli yake, ananitazama kama mtu aliyeona kioja. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu.

Sasa mwezi wa pili wa darasa, mwalimu akaandika neno ubaoni: ghar. Maana yake nyumba, au nyumbani. Halafu akalitamka: kar, sauti imezama kama mtu anayemeza kitu. Wapunjabi wanaiandika ile gh, lakini mdomoni imekwisha kufa, imebaki toni tu. Farasi naye ni hivyo hivyo, ghora kwenye karatasi, kora mdomoni, na ukikosea toni umetaja mjeledi. Mwalimu aliendelea na farasi wake, lakini mimi sikuwa darasani tena. Nilikuwa Voi, nimekaa vumbini, na mzee wa watu ananiambia twende nyumbani.

Darasa lenyewe ni la watoto, Jumapili baada ya ibada, kwenye gurudwara, hekalu la Masingasinga. Siku ya kwanza mama mmoja aliniuliza nimekuja kumchukua mtoto wa nani. Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Hakusema kitu, mimi pia sikusema, ila nilirudi nyumbani na hilo swali na nikalala nalo. Wiki ya pili karibu nisiende. Nilikwenda kwa sababu ya chakula, nisikudanganye: ni kile kile tulichokuwa tukila njiani, kwenye gurudwara ya Makindu, baba alipotuleta Nairobi, dengu na chapati, bure, umekaa chini na yeyote aliyekuja. Yule mama ndiye aliyekuwa akigawa chapati. Aliniongeza ya tatu bila kuniuliza.

Kitabu cha kuanzia kinaitwa kaida, hebu fikiria. Herufi ni 35, na kila moja ina jina lake: sassa, haha, kakka, gagga. Kuna moja, ng'ang'a, ambayo siku hizi karibu haina kazi, mwalimu mwenyewe huipita haraka. Lakini kuitamka, darasa zima niliwapiga chenga. Mtu aliyekua akiita ng'ombe atashindwa na hiyo? Ndiyo sifa yangu ya pekee mpaka leo, kwa hiyo niache nijivune.

Kwingine ni aibu tupu. Wewe mwalimu wa Kiswahili ungefurahi: hawa wana jinsi mbili tu, kiume na kike. Nikasema afadhali, aliyenyonya ngeli zote hizi atababaishwa na mbili? Gari ni la kike, nyumba ya kiume, roti, yaani chapati, ya kike, maji ya kiume, na hakuna wa kukuambia kwa nini. Mbaya zaidi, hata kitenzi kinataka kujua wewe ni nani. Mwanamume akisema anakwenda, atasema "main jaanda haan". Mwanamke "main jaandi haan". Siku niliyojitutumua nikasimama kusema ninakwenda sokoni, nikasema jaanda, kwa sauti, kifua mbele. Mtoto wa miaka minane akaangua kicheko: huyu anti anaongea kama mzee! Na kweli. Kipunjabi chote nilicho nacho kichwani kilitoka kinywani mwa babu, basi nimekibeba na ndevu zake na kilemba chake.

Nasi tulivyomcheka yeye kwa Kiswahili chake! "Kiti ile." "Watoto ile." "Mimi hapana taka." Nikikumbuka nasikia uso unaniwaka.

Watu wakisikia jina la ukoo wetu hudhani babu alijenga reli na kukimbizana na simba wa Tsavo. Wapi! Reli ilifika Kisumu 1901, yeye hata hajazaliwa. Wale waliotoka Bara Hindi kuijenga walikuwa zaidi ya 30,000, wengi wao watu wa Punjab, na mikataba ilipokwisha wengi walirudi kwao. Babu alikuja miaka mingi baadaye, seremala wa kutengeneza mabehewa. Alipomuoa bibi, Mtaita, watu wake walimfungia milango. Basi lugha yake akaiacha karakana kila jioni, na ndani ya nyumba kikaingia Kitaita na Kiswahili chake kile cha hapana. Baba hakufundishwa hata kuhesabu. Sijui kama mzee alikuwa akitukinga au alikuwa amechoka tu.

Sasa nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Lile kasha lake la randa na patasi liko kwa shangazi, nyuma ya mlango. Chini kabisa mna daftari lenye jalada jeusi. Binamu alinitumia picha ya ukurasa mmoja tu, nikaketi nao usiku mzima na kaida pembeni. Mamma yenye alama ya i: mi. Sassa yenye u chini yake: su. Mamma tena: ma. Rara: ri. Misumari! Shoga, nilitetemeka nikidhani nasoma sala, kumbe Kiswahili. Mstari wa pili, gundi. Wa tatu nikausoma mara moja bila kaida: ghar, shilingi 40.

Sasa nataka kurasa zilizobaki. Nataka kujua kama hiyo ghar imeandikwa kila mwezi, na kama ni pesa ya bibi ya matumizi pale Voi, au ni ya kule kwao Punjab, karibu na Jalandhar. Shangazi hawezi kupiga picha zikaonekana, vidole vyake vinatetemeka. Nenda wewe, mchana, ulifungue daftari dirishani. Polepole tu, uzi wa mshono umeoza. Na umpelekee sukari, usiende mikono mitupu.

Ni mimi,
shoga yako