Risala ya Walimu wa Madarasa ya Awali kwa Mgeni Rasmi: Kumfundisha Mtoto Maneno Yanayokaribiana Maana

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi na walezi, watoto wetu wapendwa,

Tunakukaribisha kwa heshima na furaha. Tunakushukuru kwa kuja kuitazama kazi ambayo kwa mbali huonekana ndogo: kumwezesha mtoto wa miaka 4 hadi 7 kujua kwamba kufua si kuosha, wala kusikia si kusikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, mtoto mdogo akipata neno hulitandaza. Akishajua "kuvunjika", basi kila kilichoharibika kimevunjika: kijiti, uzi, karatasi, hata puto. Huo si uzembe, ndivyo lugha inavyokua. Tena huelekea kuamini kwamba jambo moja lina jina moja tu, hivyo neno la pili likija hulikataa. Ukimwambia "haya yanatofautiana" hujamsaidia kitu. Inafaa aone, ashike, atende.

Kwa hiyo tunamwekea kijiti kikavu akivunje, asikie mlio wake, aseme "kimevunjika". Siku nyingine tunampa uzi mwembamba wa kushonea (mnene utamuumiza vidole) auvute mpaka ukatike. Kisha karatasi ichanike. Puto hubaki la mwisho kabisa, kwa sababu likishapasuka utulivu wa darasa nao umekwisha.

Tumesema "siku nyingine" kwa makusudi. Maneno mawili mageni yanayokaribiana yakifundishwa kwa pamoja hushikana kichwani: mtoto huyakumbuka yote mawili, lakini hajui lipi ni lipi. Neno la kwanza likae siku 3 au 4, litumike bila kusitasita, ndipo la pili liletwe kando yake. Kumpa mtoto wa umri huu orodha ya maneno sita yenye "maana sawa" ni kumvuruga.

Kabla ya somo, mwalimu ajiulize tofauti imekaa wapi. Pengine imo katika kitu kinachotendwa: tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono na uso, tunaoga mwili mzima. Hapa pana jambo la ziada linalosahaulika: anayenawa na anayeoga hujisafisha mwenyewe. Akisafishwa na mwingine, amenawishwa au ameogeshwa. Mwanasesere, beseni na kitambaa vinatosha kulionyesha hilo.

Pengine tofauti imo katika nia. Watoto wakiwa wamezama katika kuchora, mwalimu agonge meza ghafla nyuma yao. Wote wamesikia, ingawa hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kisha wafumbe macho, wategee sikio karatasi inayosuguliwa polepole kwenye kona ya mbali. Sasa wanasikiliza, na wengine hawasikii kitu. Ndipo aulize: "Je, unaweza kusikiliza usisikie?" Wakilijibu hilo, kuona na kutazama havitawasumbua.

Na pengine imo katika kiasi, kama kunong'ona, kusema na kupaza sauti. Hapo tunafunga kamba ukutani, watoto wabane kadi kwa mpangilio, kuanzia sauti ya chini hadi ya juu.

Maneno yanayofanana kwa sauti, kama kura na kula, ni somo la masikio na ulimi. Tusiyachanganye na haya.

Mtoto akikosea, tusimkatize kwa "si hivyo". Akisema "naosha shati", tumjibu: "Naam, unafua shati. Unalifua kwa sabuni?" Amelisikia neno sahihi mara mbili na mazungumzo yameendelea. Wapo pia watoto ambao lugha yao ya kwanza ina neno moja kwa yote hayo, na nyumba ambamo "kuosha nguo" ndiyo kauli ya kila siku. Kamwe tusimwambie mtoto kwamba mama yake amekosea. Tumwambie kuna neno jingine, la nguo peke yake.

Katika kupima, swali la "tofauti ni nini?" halifai, kwani mtoto wa miaka 5 anaweza kuijua tofauti asiweze kuieleza. Tumwamuru aigize: "Nawa! Osha kikombe! Fua soksi!" Turudie kesho yake, baada ya siku 3, na baada ya wiki. Akiigiza sawa siku ya kwanza tu, bado hajalimiliki neno.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Ratiba itutengee dakika 15 za maneno kila siku, badala ya kipindi kimoja kirefu kwa wiki. Kila darasa lipatiwe sanduku la vitu halisi, kwa sababu picha haimwonyeshi mtoto uzi ukikatika. Na wazazi tunawaomba waitaje kazi kwa jina lake wanapoifanya pamoja na mtoto: "tunasuuza", "tunakamua", "tunaanika".

Tunaomba kuwasilisha.