Risala ya klabu yetu ya jogingi Mbagala kwa mgeni rasmi, siku ya bonanza

Mheshimiwa diwani mgeni wetu rasmi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wetu, wanajogingi wenzetu mliotoka Kijichi na Temeke, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ndo katibu, risala hii nimeiandika kwenye simu jana usiku kwahiyo nikikwama mjue ni chaji.

Mgeni rasmi, siku tuliyokupigia kukualika ulikubali hapohapo, ila ukatuuliza swali moja: hawa vijana wa methadoni mmewaingiza kwenye jogingi ili iweje? Tukacheka, ukakata simu, lakini swali lilibaki. Methadoni ni ile dawa wanayopewa vijana wanaoacha unga, yani heroini. Basi risala yetu ya mwaka huu ni jibu la swali lako, mambo ya historia ya klabu na idadi ya jezi utayakuta kwenye karatasi aliyonayo mweka hazina.

Hapo ulipokaa mheshimiwa, mwilini mwako kuna dawa ya maumivu unayoitengeneza mwenyewe bila cheti cha daktari. Inaitwa endofini, maana yake ni kama kusema mofini ya ndani, mofini ikiwa ni ile dawa kali ya maumivu ya hospitali. Inatoka kwenye ubongo na kwenye tezi ya pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kalikoning'inia chini ya ubongo. Dada yetu muuguzi ambaye ni mwanachama ndo ametufundisha haya, tena kwa kurudia maana sisi vichwa vigumu.

Ilivyojulikana ni hivi. Mwaka 1973 wataalamu waligundua kwamba kwenye ubongo kuna vipokezi, yani kama vitasa, ambavyo mofini inaingia kama ufunguo wake. Sasa wakajiuliza, mofini inatoka kwenye mmea wa afyuni, iweje kichwa cha binadamu kiwe na kitasa cha mmea? Lazima mwili una ufunguo wake wenyewe. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz kule Aberdeen, Uskochi, wakaupata ufunguo wa kwanza kwenye bongo za nguruwe, mniwie radhi ndugu zangu Waislamu, mwaka uliofuata Choh Hao Li wa California akaipata beta-endofini, aina mojawapo ya endofini, kwenye tezi za ngamia kwahiyo tumesawazisha.

Kazi yake tumeiona kwa macho. Mwaka jana mzee wetu mmoja, fundi cherehani, alikimbia na sisi kutoka Rangi Tatu mpaka Zakhem na kurudi, anaitikia "chinja!" kuliko vijana. Kufika kuvua raba, soksi imelowa damu, msumari umepita kwenye soli. Anasema alisikia kitu kama kajiwe. Dakika kumi baadae ndo akaanza kulia, na hapo ndo dada muuguzi akatwambia mwili ukichemka unaziba maumivu kwa muda, ni msaada lakini pia ni hatari, maana unaweza kuendelea kukimbia na mguu uliokwisha kuumia. Akina mama nao wanajua, wakati wa uchungu wa kujifungua endofini zinapanda sana kwenye damu, japo mkiwauliza watawaambia hazikutosha.

Kuna lingine lilinishangaza. Mwaka 1978 huko San Francisco watu waliong'olewa meno walipewa dawa feki, wengine maumivu yakapungua kweli kwasababu waliamini. Walipopewa naloksoni, dawa inayoziba vile vitasa, maumivu yakarudi. Yani imani tu iliwafungulia duka la ndani. Halafu mtu anaenda zahanati anaumwa anaanza kwa kufokewa (jina la zahanati silitaji, mheshimiwa, tunaishi nayo hukuhuku).

Sasa tuje kwa vijana wetu. Unga unaingia kwenye vitasa vilevile, ila unaingia kwa fujo, unavijaza kuliko endofini ilivyowahi kuvijaza, na mwili ukizoea hivyo unakuwa hausikii tena kiasi chake kidogo cha kawaida. Ukikata unga ndo arosto: miayo, makamasi, kuharisha, mifupa inauma kama imepigwa nyundo, usingizi hakuna. Huyo mtu sio mvivu, vitasa vimezoeshwa unga. Methadoni inakaa kwenye kitasa hichohicho lakini taratibu, inashikilia kutwa nzima, mtu hapati stimu wala arosto, anaenda kazini. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, baadae Mwananyamala na hapa kwetu Temeke, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi.

Kaka mmoja siku yake ya kwanza na sisi alikaa kwenye mtaro pale Zakhem, machozi yanatoka anapiga miayo, alikuwa ameruka dozi ya jana akiogopa kuonekana kliniki na watu wa mtaani. Tukamwinua tukatembea nae. Toka siku hiyo tumebadilisha ratiba, tunamaliza kabla ya saa moja ili wanaoenda kunywa dozi kwenye dirisha la kliniki wawahi.

Na hatukudanganyi kwamba kukimbia kunaponya unga. Wajerumani mwaka 2008 waliwapiga skani ya ubongo wakimbiaji kumi baada ya kukimbia masaa mawili, wakaona dalili kwamba endofini zimemwagika, ila mwaka 2021 Wajerumani wengine wakaviziba vile vitasa na raha ya mbio ikaja vilevile, wanasema inawezekana ni kemikali nyingine za mwili zinazofanana na za bangi. Mwenyekiti aliniambia hiyo sentensi niitoe, wazazi wapo, nimesahau.

Tunachokishika sisi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Walichukua vijana wapiga makasia 12, wakapiga dakika 45 peke yao, siku nyingine kwa pamoja, halafu wakavishwa kile kitambaa cha presha kinajazwa upepo mpaka mtu aseme basi. Kazi ileile, lakini walipopiga pamoja walivumilia maumivu zaidi, wataalamu wakaona ni dalili kwamba endofini zilimwagika zaidi. Ndo mchakamchaka wetu huo mheshimiwa.

Changamoto ni mbili. Malori ya alfajiri Kilwa Road, tunaomba askari wa usalama barabarani jumamosi tu. Na ya pili, vijana wetu wanne walijiunga kikundi cha kuomba mkopo wa vijana wa halmashauri, majina yao yakakatwa kwenye ofisi moja, wakaambiwa mateja hawakopeshwi. Tunaomba ukayaulizie wewe mwenyewe, nakala ya fomu ipo kwenye bahasha.

Jumamosi ijayo tunaondoka Rangi Tatu saa kumi na moja na nusu. Jezi yako ipo, saizi tumekisia.

Naomba kuwasilisha.