"Wasichana wa Kipsigis" siyo jina la mtu

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Dodoma, fundi cherehani, na kazi yetu hii mikono na macho ndo vinahangaika, masikio yapo tu hayana shughuli. Zamani nilikuwa naweka redio lakini sa hivi ni matangazo ya kubeti toka asubuhi mpaka jioni, nikahamia kwenye simu. Sasa siku moja kuna kijana kaleta suruali ya kupunguza, wakati anasubiri akaniwekea sauti ya mtu wa Tuva, ni wafugaji huko kusini mwa Siberia, Urusi, wamepakana na Mongolia. Aisee! Mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, ya chini inanguruma kama ng'ombe dume na juu yake inatoka nyingine nyembamba kama filimbi. Nilidhani ni mashine. Nilisimamisha cherehani nikamwambia rudia mwanzo, akarudia, mpaka suruali yake ikachelewa.

Toka hapo ndo nikaharibikiwa, bando langu lote linaishia huko. Nimesikiliza Wageorgia wanavyoimba sauti tatu bila chombo chochote, nimesikiliza wanaume wanne wa kisiwa cha Sardinia kule Italia, wanasimama duara kama wanateta halafu mmoja anaongoza na wengine wanamwekea ngurumo chini. Moyoni nikawa najiambia wenzetu hawa walijua kujirekodi mapema, sisi tulilala. Kumbe siyo kweli, tulirekodiwa toka zamani ila majina ya wengi hayakuandikwa, na hiyo ndo sababu ya hii barua.

Kuna Mwingereza anaitwa Hugh Tracey, mwaka 1921 alienda Rhodesia Kusini, ndo Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku, akanogewa na nyimbo za vibarua wa shambani mpaka tumbaku akaja kuiacha. Huyu bwana alizunguka Afrika na gari na mashine ya kurekodi, mwaka 1950 alipita Tanganyika, alipita Kenya, alipita Uganda, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes. Kuna mfululizo wake mmoja tu una santuri 210! Na Wagogo tumo. Mimi Mgogo nimezaliwa hapa hapa, sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote, nimekuja kujua nikiwa na mvi, kwa sababu ya suruali ya mtu.

Nikapanda gari kwenda kijijini kwa bibi, nikamwekea hizo nyimbo zetu. Nilitegemea atalia au atacheka, wapi. Kasikiliza kama hakimu, kichwa kaelekeza upande wa sikio zuri, kisha akasema mpiga zeze kalegeza uzi. Baadae kidogo akaanza kuitikia, yaani anaingia pale pale panapotakiwa kuingiwa, wimbo wa watu asiowajua, wa miaka zaidi ya sabini. Wanaojua muziki wanasema Wagogo na wale wa Tuva wanachota kisima kimoja, zile sauti ndogo ndogo zilizojificha ndani ya sauti moja nene, na nadhani ndo maana wimbo wa Kigogo ukiupeleka kwenye kinanda cha kanisani unakuwa kama umevaa kiatu cha mtu mwingine. Ulipoisha bibi akaniuliza maswali mawili tu. Hawa ni akina nani? Na huyo mzungu aliwalipa nini?

Mhariri, nimeendesha cherehani wiki tatu nikiwaza hayo maswali.

Chukua mfano wa majirani zetu Kenya. Mwaka huo huo wa 1950 Tracey aliwarekodi Wakipsigis, kabila la huko, na kuna wimbo mmoja unaitwa Chemirocha ambao umekuja kujulikana dunia nzima. Hilo jina ni la Mmarekani, Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyekufa mwaka 1933 na hakuwahi kukanyaga Afrika. Santuri zake zilifika huko na gramafoni za Wazungu, watu wakasikia sauti inatoka kwenye sanduku wakasema huyu si binadamu wa kawaida, nusu mtu nusu swala, wakampa jina la Kikwao na mabinti wakamtungia wimbo wa kumwita aje acheze mpaka suruali imvuke. Wimbo mtamu sana, kinubi kinadunda taratibu na mabinti wanaitikia, ukiusikia mara moja unalala nao. Lakini angalia ulivyoandikwa: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Basi. Huyo mmoja ana jina, wenzake ni "wasichana". Na haki ya mtu tumpe, Tracey alikuwa anajitahidi kuandika, anaandika mahali, lugha, chombo na jina la anayeongoza, kuna wengine wa zama zake hata hicho hawakufanya. Ila kundi zima anaandikwa kiongozi tu. Hivi timu ya mpira ukiandika kepteni tu, wale kumi walikuwa wanafanya nini uwanjani?

Kwenye miaka ya 2014 na 2015 ile maktaba ya Afrika Kusini ikishirikiana na Ketebul Music, watu wa muziki wa Nairobi, walifanya jambo la maana sana, walizirudisha nakala za zile nyimbo vijijini kwa wenyewe, na wakamkuta mzee aliyekuwa miongoni mwa waliorekodiwa, yupo hai! Fikiria kama wangechelewa miaka mitano.

Sasa kwa nini nang'ang'ania majina, mtu atasema fundi acha kelele, nyimbo za zamani hazina mwenyewe, ni za ukoo mzima. Sawa. Sikiliza hii. Mwaka 1959 Mmarekani Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo kama Tracey, aliingia gereza la Parchman huko Mississippi, akarekodi wafungwa weusi wakiimba huku wanakata magogo, mapigo ya shoka ndo ngoma yao. Aliyekuwa anaongoza aliitwa James Carter na Lomax akaliandika hilo jina. Mwaka 2000 wimbo ukawekwa kwenye filamu, santuri ya filamu ikauza mamilioni, watu wa kituo cha Lomax wakaanza kumtafuta Carter na wakampata, mzee yupo zake Chicago, wakampelekea hundi ya dola elfu ishirini! Miaka zaidi ya arobaini baadae. Angeandikwa "mfungwa" nani angempata? Wafungwa walikuwa wangapi Mississippi?

Kwa hiyo swali la pili la bibi linategemea lile la kwanza.

Na msidhani zote ni za juzi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikuwa Masasi na Newala na mashine ya zamani inayorekodi kwenye silinda za nta, anawaimbisha Wayao, Wamakua na Wamakonde, Maji Maji yenyewe ilikuwa haijapoa, na nta ilikuwa inamsumbua kwa joto letu hili. Hao wa 1906 hakuna tena wa kumuuliza. Halafu kuna ngoma za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda kule Uganda, Tracey alizirekodi kabla jeshi halijaivamia ikulu hiyo ya Mengo mwaka 1966, ikulu ikachomwa na vyombo vikaungua na wapigaji wakatawanyika. Rekodi zile leo ndo mwalimu. Nikiambiwa Wazungu walituibia nyimbo huwa nakubali nusu, nusu nyingine nasema wangeacha kurekodi leo tungekuwa na majivu.

Ila wa 1950 bado wapo, siyo wengi. Binti aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sa hivi amepita themanini, ameketi mahali kwenye kigoda Mvumi, Kondoa au Bukoba, na hajui kama sauti yake iko Afrika Kusini, iko Uholanzi kwenye sidii, iko kwenye simu ya fundi nguo.

Ombi langu mhariri ni dogo. Hapo kwenye toleo lenu la Jumamosi panapowekwa nyota na utabiri (mimi nyota yangu kila wiki inaambiwa itapata safari, sijawahi kuiona) toeni robo ukurasa. Kila wiki chagueni rekodi moja tu ya zamani, andikeni imerekodiwa wapi, mwaka gani, kabila gani, na namna ya kuipata kwenye simu, maana ile maktaba inaruhusu kusikiliza kwa intaneti. Msomaji mwenye mzazi au bibi wa sehemu hiyo amwekee, akimtambua mtu hata mmoja anayeitikia, au akajua ni kijiji gani wanapoimba hivyo, atume kwenu na nyie mkichapisha mpeleke nakala kule maktaba waongeze kwenye maelezo ya wimbo huo. Haihitaji semina wala posho. Walimu wa shule wanaweza kuwapa watoto hiyo kazi likizo badala ya kuwachosha na kazi za kunakili.

Na mkikutana na wanaorekodi sasa hivi, maana siku hizi kila harusi na kila ngoma kuna simu ishirini hewani, waambieni waandike. Juzi nimeona video ya kina mama wanapiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo, ngoma ziko katikati ya mapaja, wanapiga mpaka vumbi linapanda, watazamaji ni wengi balaa na chini imeandikwa "ngoma ya asili". Wale kina mama walikuwa kumi na mmoja, nimewahesabu.

Bibi yangu mimi nimeshamrekodi nyimbo nne. Jina lake nitalituma akiniruhusu, kwa sasa anasema kwanza nimletee betri za redio, halafu nimtafutie yule mpiga zeze amwonyeshe namna ya kukaza uzi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi nguo, Dodoma Mjini