Misindano imesogea mno karibu na nyumba zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie moto kichaa, ambao sisi wakazi wa Mufindi huuona kila kiangazi, na hasa namna unavyozifikia nyumba za watu.

Maonyo tunayopewa karibu yote humlenga mwenye kibiriti: mkulima asiandae shamba kwa moto bila kibali, mrina asali azime kienge chake, mchungaji asichome malisho. Ni maonyo ya haki, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayo sehemu nzima inayohusu moto. Hata hivyo, anayeishi huku anajua kwamba ipo siku moto utawaka tu, awe amekamatwa mtu au hajakamatwa, na halmashauri zetu hazijajiuliza vya kutosha utakuta nini kando ya nyumba.

Tangu mbao zianze kulipa, watu wamepanda miti ya misindano (paina) na milingoti (mikaratusi) hadi uani. Mimi ni mmoja wao: safu yangu ya mwisho iko hatua chache kutoka jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi. Nyumba haingoji kufikiwa na ndimi za moto ndipo iungue, kwa kuwa upepo hutanguliza cheche, zikaangukia nyasi za jiko, zikapenya kwenye uwazi ulio chini ya bati, au zikatua kwenye kuni tulizozipanga ukutani chini ya upenu. Bati lenyewe, ambalo wengi tulilinunua kwa kuchoshwa na kuvujiwa, ni kinga nzuri; hatari iko pembeni mwake.

Novemba 2018, moto ulioukumba mji wa Paradise, California, uliua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000, katika jimbo lenye magari na ndege za kuzimia moto kwa wingi. Sheria ya jimbo hilo inamtaka mwenye nyumba katika maeneo ya hatari apunguze uoto kuizunguka nyumba yake kwa takriban mita 30. Kama wao wanahitaji sharti hilo, sisi tunaozima moto kwa matawi mabichi tunalihitaji zaidi.

Hatuna haja ya kungoja sheria mpya kutoka bungeni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Napendekeza sheria hizo zitaje umbali kati ya nyumba na miti ya mbao itakayopandwa upya. Mwenye robo eka hawezi kuachia mita 30, kwa hiyo umbali upangwe kwa ukubwa wa kiwanja, na ukanda huo ulimwe maharage au mboga ili usibaki pori. Miti iliyokwisha kupandwa isikatwe kwa amri. Mwenyewe aipogoe matawi ya chini na kufagia majani makavu hadi atakapoivuna. Aidha, sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu irudi kijijini kununulia mabomba ya mgongoni na kulipa posho ya wanaosafisha barabara za moto, yaani mikanda inayofyekwa ili moto usivuke.

Haya yajadiliwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji kabla ya mvua za kupandia, kwa sababu msindano utakaopandwa karibu na ukuta msimu huu tutakaa nao kwa zaidi ya miaka kumi.

Mkulima wa miti,
Mufindi, Iringa