Wanangu wa skeiti Tanga, na sie watu wazima tuwekeeni kundi letu

Ndugu Mhariri, asalaam aleykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mlitoa habari ya vijana wetu wa skeiti (vile viatu vya matairi) hapa Tanga kwamba wanaandaa mashindano, nikafurahi kweli, maana hawa watoto nawaona jioni wanavyohangaika, sakafu ya kuazima leo hapa kesho pale, wakikosa wanarudi barabarani bodaboda zinawapigia honi. Sasa nafika mwisho wa habari nakuta mshiriki asizidi miaka 25. Nikasema labda gazeti limekosea, nikaenda kuulizia mwenyewe, nikajibiwa kwa adabu kabisa, "shikamoo mama, wewe njoo tu siku yenyewe tutakuwekea kiti mbele kwa wageni, na maji utapata." Kiti nashukuru wanangu. Ila mi sikuulizia kiti, niliulizia fomu.

Nina miaka 46 na naskeiti. Sikuanzia hapa, nilikaa Minnesota kule Marekani miaka mingi kikazi, na kule baridi ikishika ziwa zima linaganda watu wanapita juu na magari yao, ukijifungia ndani miezi yote hiyo akili inaruka, kwahiyo mwenzangu mmoja wa kazini akanivuta kwenye uwanja wa barafu, darasa la watu wazima wanaoanza. Wiki za mwanzo wote tumeng'ang'ania ukuta. Lakini hakuna aliyetuambia mmechelewa, na hilo ndo nataka wanangu wa hapa walisikie vizuri.

Kule kwao mtu mzima kwenye skeiti ya barafu ni kuanzia miaka 21, ukifika hapo una njia yako, una mitihani yako ya kupanda ngazi, shaba, fedha, dhahabu (hizi ni ngazi sio medali, msichanganye), na una mashindano yako ya kuruka na kuzunguka kwa muziki. Mashindano ya taifa ya watu wazima waliyaanza 1995 pale Wilmington, jimbo la Delaware. Shirikisho la dunia la skeiti ya barafu, ISU, nalo tangu 2005 lina mashindano yake ya watu wazima huko Oberstdorf, mji mdogo wa milimani kusini mwa Ujerumani. Pale wanapangwa kwa umri, 28 mpaka 38 kundi lao, 38 mpaka 48 kundi lao, inapanda hivohivo mpaka unakuta kundi la waliovuka 68. Sitini na nane Mhariri! Bibi na nguo yake inayometameta anapigiwa muziki wake, majaji wamekaa na kalamu zao, akiruka vibaya anakatwa kama mwingine yeyote, hakuna alama za huruma.

Nikiwaeleza vijana hapa wananiuliza sasa mama ukishindana na binti wa miaka 17 anayezunguka hewani mara tatu itakuaje? Si ndo maana kuna makundi! Siwezi kuwekwa na huyo binti na wala sijaomba. Naomba niwekwe na mwenzangu wa umri wangu na ngazi yangu. Ngazi ya shaba kwa mfano huruhusiwi kabisa kuruka Axel, hata kama unaiweza. Kwa asiyejua, huu ni mruko wa Axel Paulsen, Mnorwe, aliuonyesha Vienna 1882, na ugumu wake ni kwamba miruko mingine yote unaondoka kinyumenyume, huu unaondoka umetazama mbele na kutua ni kinyumenyume kama kawaida, kwahiyo lazima uzunguke mara moja na nusu hewani. Wameuzuia makusudi ili mtu wa shaba ashindane na watu wa shaba, na mtu asije akalazimisha kitu akavunjika. Hapo naona akili imetumika.

Niwape na picha ya mashindano yenyewe, na nisemayo ni yale madogo ya klabu ya mtaani, sio ya kwenye tivii. Unajiandikisha mapema, unalipa ada, unapeleka muziki wako kabla ya siku na nakala ya akiba unayo mkononi maana mitambo haiaminiki. Muziki wa shaba usizidi dakika moja na sekunde hamsini. Mi nikachagua taarabu, taarabu ya zamani ya Black Star yetu hii ya Tanga, sasa kaa wewe uikate taarabu mpaka dakika mbili kasoro, wakati vinanda peke yake havijamaliza kujisalimia! Nilikata na kubandika usiku kucha, kocha wangu anasikiliza anasema hii inaishaje? Nikamwambia haiishi, tutasimama tu. Visu vya viatu, yaani vile vyuma vya chini unavyotelezea kwenye barafu, unavinoa siku chache kabla, sio asubuhi ya mashindano, kisu kibichi kinashika barafu mno unaweza ukaenda mzima mzima. Afu kule chumba cha kubadilishia kila mtu ana wenge, alikuwepo nesi aliyetoka zamu ya usiku moja kwa moja, alikuwepo dereva wa basi la shule, na mama mmoja wa sitini na kitu anafunga kamba za viatu anafungua anafunga tena, maana zikilegea kifundo cha mguu kinacheza na zikibana sana mguu unakufa ganzi ukiwa katikati ya uwanja. Mtangazaji akaita jina langu kwa matamshi yake. Nikaingia. Nikaruka mruko wangu wa Salchow wa mzunguko mmoja nikatua, mzunguko wa kusimama ukayumba kidogo, magitaa yakaendelea kulia mpaka pale nilipokata. Karatasi ya matokeo ikabandikwa ukutani, wa nne kati ya watano, na jaji mmoja akanifuata kuniuliza ule muziki ni wa nchi gani. Mpaka leo katika mambo niliyofanya ughaibuni ni hilo ndo nalisimulia kwa raha.

Sasa mtu atasema hayo ni ya barafu, sie Tanga hata mvua ya mawe ni habari ya gazetini. Sawa, lakini viatu vya matairi navyo vina mashindano ya kuruka na kuzunguka kwa muziki, ya dunia yalianza tangu 1947 pale Washington, miruko ni ileile na majina ni yaleyale, Salchow, Lutz, Axel, tofauti mbele ya kiatu una breki ya mpira badala ya meno ya kisu. Niliporudi nilinunua vyangu vya matairi manne, kwenye sakafu laini mambo yanakwenda vizuri tu. Kwahiyo siombi mtujengee uwanja wa barafu Raskazone, naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu.

Lingine lililosemwa pembeni, sio na waandaaji ila na watu tu waliokuwepo pale, ni mavazi. Mama wa makamo na hijabu yake atarukaje mbele za watu. Hili nalo lishapita kwa wenzetu. Zahra Lari wa Falme za Kiarabu alikwenda kushindana Italia 2012 na hijabu yake kichwani akakatwa pointi kwa ajili ya hicho kitambaa, yeye hakuacha, suala likafikishwa kwa wakubwa na baadae ikaeleweka kwamba hijabu haikatwi pointi. Na suruali kwa wanawake ISU waliruhusu tangu 2004. Mi mwenyewe niliruka na suruali na kilemba kimebanwa vizuri na pini na hakikutoka. Halafu Tanga hii hii ambayo bibi wa miaka sitini anapanda baiskeli na baibui lake kutoka Ngamiani hadi sokoni Mgandini na kikapu mbele, hakuna anayegeuza shingo, leo matairi yakiwa miguuni ndo imekua aibu? Sielewi.

La mifupa, kwamba mtu mzima atavunjika, nakubaliana nao nusu. Mtu mzima akianguka si mtoto, na anapoanguka kitu cha kwanza kupeleka chini ni mkono, ndo hapo kifundo cha mkono kule karibu na kiganja panavunjika. Kwahiyo kundi la watu wazima mlilazimishe vikinga mikono, vya magoti na helmeti, asiyenavyo asiingie hata akilia. Na muwafundishe kuanguka kabla ya kuruka: magoti unayakunja, unakwenda chini kwa upande upate paja na makalio, vidole unavikunja ngumi visipitiwe na tairi la mwenzio. Kule darasani kwetu tulifundishwa kuanguka na kuinuka kabla hatujafundishwa hata kusimama kwa mguu mmoja. Hapa naona vijana wanafundishana mbio kwanza, kuanguka kila mtu anajifunza kivyake kwenye lami. Hilo ni la watoto pia, sio letu tu.

Na wanangu niwaambie siri ya pesa, maana najua mnalia wadhamini hakuna. Mtu mzima analipa ada yake mwenyewe haombi baba. Akishiriki analeta mume, wifi, majirani, wote wananunua maji na ubuyu. Kule klabuni kwetu watu wazima ndo walikua wanasimamia muziki, wanaandikisha, wanakaa mlangoni, kwa sababu ni wachezaji na wana ukomavu wa kugombana na mzazi wa mtoto aliyeshindwa. Nyie mna umri wa miaka ishirini na mbili mtagombanaje na mama mzazi wa Chumbageni?

Kundi lenyewe liwe jepesi, miaka 26 hadi 40 moja, kuanzia 41 jingine, dakika moja na nusu za muziki, miruko ya mzunguko mmoja basi. Tukijitokeza wawili tutashindana wawili. Nafahamu mama mmoja mwalimu na baba mmoja fundi wa pikipiki ambao wapo tayari, wanaona haya tu kuandika barua. Majaji wakikosekana wa kundi letu mi naweza kuandika karatasi moja ya jinsi ya kuhesabu alama, bure.

Ila mtangaze mapema, sio wiki ya mashindano, maana sie wenye kazi tunaomba ruhusa, na mi muziki wangu bado haujakatwa.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga